Padri Placide Tempels, Mufundishaji wa Matumaini katika Kolwezi



Siku ya yubile ni siku ya kushukuru, na tena ni siku ya kukumbuka. Tunakumbuka wale waliotangulia kulima shamba ambalo sisi leo tunakula matunda yake. Kati yao kuna mumoja ambaye jina lake linatajwa katika vyuo vikuu vya Afrika na vya Ulaya, kwa sababu ya kitabu alichoandika. Lakini wazee wetu wa kambi za Kolwezi hawakumujua kwa kitabu. Walimujua kama muzazi, wakamwita Baba Placide. Huyu ndiye Padri Placide Tempels, wa Shirika la Mutakatifu Fransisko.

Tunaeleza hapa maisha yake kwa kutafuta jambo moja, ni kusema maana ya matumaini ya mukristu. Katekismu inatufundisha fazila tatu za kimungu: imani, matumaini na mapendo. Juu ya imani tunahubiriwa mara nyingi, na juu ya mapendo kila juma. Matumaini yanabaki kati ya hizo mbili kama mutoto wa katikati, ambaye wazazi wanamusahau bila kutaka. Katekismu ile ile inatuonya juu ya zambi mbili zinazopigana na matumaini. Ya kwanza ni kukata tamaa. Ya pili ni kujidai, maana yake kujihesabia kwamba umekwisha kufika. Padri Tempels alikutana na zote mbili katika njia yake, na ndiyo sababu maisha yake yanaweza kutufundisha.

1. Kuzaliwa na wito wake

Padri Tempels alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 katika Berlaar, upande wa Antwerpen, inchi ya Ubelgiji. Jina lake la nyumbani lilikuwa Frans. Mwaka ule ule wa 1906 Union Minière du Haut-Katanga iliundwa kwa kuchimba shaba ya inchi yetu. Mutoto yule na kompani ile walizaliwa mbali na kila mumoja hakujua habari ya mwenzake, lakini njia zao zilikuja kukutana hapa kwetu.

Mwaka wa 1924 aliingia katika Shirika la Wafransisko, akapewa jina la Placide. Tarehe 15 Agosti 1930, siku kuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alipewa upadri. Mwishoni mwa mwaka wa 1933 alifika Kongo. Wakubwa wake walimutuma kwa Waluba wa Katanga, upande wa Kamina, katika sehemu ambayo Roma ilikuwa imewakabizi Wafransisko.

2. Miaka kumi ya uchovu

Miaka yake ya kwanza ya utume haikuwa miaka ya furaha. Yeye mwenyewe aliieleza baadaye bila kujificha, katika kitabu kidogo juu ya kukutana kwake na watu wetu, kilichotolewa Léopoldville mwaka wa 1962. Alikiri kwamba alikuja kama Muzungu na kama padri, maana yake kama bwana mara mbili. Alijua yote, na watu hawakujua kitu. Kazi yake ilikuwa kuamuru, kufundisha na kukemea. Kazi yao ilikuwa kunyamaza na kuitikia.

Nao waliitikia vizuri. Walijifunza maulizo na majibu ya katekismu, walibatizwa, waliimba misa. Lakini mutoto alipougua, au bibi alipokaa miaka bila kuzaa, au kifo kilipoingia mara mbili katika nyumba moja, walirudi usiku kwa muganga wa dawa za asili, na asubuhi walikaa tena katika kanisa. Padri aliona kwamba maneno yake yalielea juu ya mioyo ya watu kama mafuta juu ya maji. Nyuma ya miaka karibu kumi alichoka rohoni.

Tusimame kidogo hapa, maana kila katekista na kila padri anayesoma ukurasa huu anaujua uchovu ule. Katika luga yetu, tamaa ni neno lenye sura mbili. Amri za Mungu zinatukataza kutamani mali ya mwenzetu na bibi ya mwenzetu, na kwa hiyo wengi wanafikiri kwamba mukristu mwema ni mutu asiyetamani kitu. Lakini luga yenyewe inatusahihisha. Mutu aliyepoteza matumaini tunasema kwamba amekata tamaa. Kumbe tamaa ni kama kamba ya kisima: ukiikata, maji yangali chini, lakini huna tena njia ya kuyafikia.

Padri Tempels alikuwa karibu kukata kamba ile. Badala yake alibadilisha ulizo lake. Mpaka siku ile alikuwa akijiuliza namna gani atawafanya watu wapokee mafundisho yake. Sasa alianza kuwauliza wao: munatamani nini? Munalilia nini mioyoni mwenu? Alikaa pamoja nao, akajifunza luga yao kwa bidii zaidi, akasikiliza mezali zao, majina yao, maombi yao kwa wakubwa waliokufa, na hofu zao.

Majibu yalirudi siku zote kwa mambo matatu. Watu walitamani uzima, maana yake uzima wenye nguvu, usiopunguzwa na ugonjwa, wala uchawi, wala zarau. Walitamani uzazi, ili uzima ule usiishe pamoja nao. Walitamani umoja, ili asiwepo mutu wa kukaa peke yake kama muti uliong’olewa. Padri alishangaa sana, maana alitambua kwamba mambo haya matatu ndiyo yale Bwana Yezu aliyoahidi: uzima tele, matunda yanayodumu, na kuwa kitu kimoja ndani yake. Mungu alikuwa amefika mbele ya mumisionari. Tamaa ilikuwa imekwisha kupandwa katika watu, na Evanjili ilikuwa jibu lake.

Kwa hiyo hapa tunapata maana ya kwanza ya matumaini. Matumaini si kitu kigeni kinacholetwa katika sanduku kutoka ngambo ya bahari. Ni tamaa ile ambayo Mungu mwenyewe aliiweka katika mutu siku ya kumuumba, ikiisha kuonyeshwa ni nani anayeweza kuishibisha.

3. Kitabu, na muzigo wa kitabu

Wakati ule ulikuwa wakati wa Vita Kuu ya pili. Katanga ilichimba shaba usiku na muchana kwa ajili ya majeshi. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walisimamisha kazi kwa ajili ya mishahara, na katika Elisabethville askari waliwapiga risasi, wengi wakafa. Katika miaka ile Padri Tempels alianza kuandika. Alituma makala kwa gazeti L’Essor du Congo la Elisabethville juu ya haki ya watu weusi na juu ya namna ya kuwatawala. Kisha aliandika kitabu chake kikubwa juu ya hekima ya Wabantu, La philosophie bantoue. Alikiandika kwa luga yake ya Kiflama. Kikageuzwa kwa Kifransa na kutolewa Elisabethville mwaka wa 1945. Katika mwaka wa 1949 Présence Africaine ilikitoa tena Paris, na tangu hapo kilienea katika dunia.

Mafundisho ya kitabu kile, tukiyaeleza kwa ufupi, ndiyo haya: kwa Mubantu, kuwako ni kuwa na nguvu ya uzima. Nguvu ile inaweza kuongezeka na inaweza kupunguka. Hakuna mutu anayeishi kwa nguvu yake peke yake. Kila mumoja amefungana na Mungu, na wazee waliotangulia, na ndugu zake, na watoto wake. Ubaya mukubwa ni kumupunguzia mwenzako uzima.

Leo maneno haya hayatushitushi. Lakini wakati ule Wazungu wengi walisema kwamba Mwafrika hana mawazo yenye mupango, ila desturi na woga tu. Padri aliyewaambia kwamba kwa muda wote wamekuwa wakisema na watu wenye hekima bila kuitambua, huyo aliwachoma. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, mutawa wa Mutakatifu Benedikto aliyeongoza Eklezia katika Elisabethville, alikipinga kitabu kwa nguvu nyingi. Mwaka wa 1946 Padri Tempels alikwenda Ulaya, na hakuweza kurudi Kongo mpaka mwaka wa 1949.

Tuseme pia kwamba kitabu kile hakikusifiwa na Waafrika wote. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alikipima upya katika kazi yake ya mwaka wa 1956, akionyesha kwamba hekima ya watu inapaswa kuchunguzwa luga kwa luga. Mushairi Aimé Césaire wa Martinique, katika kitabu chake juu ya ukoloni kilichotolewa na Présence Africaine mwaka wa 1955, alitoa onyo kali zaidi: wakoloni wataweza kutumia maneno haya ili kusema kwamba Mwafrika hahitaji mushahara mwema wala nyumba njema, bali anahitaji heshima ya nguvu yake ya uzima tu.

Onyo lile tunalipokea, maana linagusa matumaini yenyewe. Kuna matumaini ya uongo yanayohubiriwa kwa mutu mwenye njaa ili anyamaze. Matumaini ya namna ile si fazila, ni usingizi. Mungu wetu alisikia kilio cha watu wake katika matofali ya Misri kabla hajawafundisha Amri kumi. Mukristu anayetumaini mbingu hana ruhusa ya kuzarau mukate wa jirani, kwa kuwa uzima anaoutumaini ni wa mutu muzima, roho na mwili.

4. Jamaa katika kambi za Kolwezi

Mwaka wa 1953 ndio mwaka unaohesabiwa kuwa mwanzo wa Jamaa hapa Kolwezi. Padri Tempels alikuwa kati ya wafanyakazi wa machimbo, na hasa watu wa Musonoi wanahesabiwa kuwa wa kwanza.

Vijana wa leo ni vigumu wajue kambi zile zilikuwa namna gani. Muji wa Kolwezi ulikuwa bado kijana. Ulianzishwa mwaka wa 1937 kwa ajili ya shaba. Watu walitoka Kasai, Lomami, inchi ya Walunda na ya Watshokwe, makabila mengi katika mustari mumoja wa nyumba. Union Minière ilipenda mufanyakazi akae na bibi na watoto, ili asirudi upesi kwao. Basi ilitoa nyumba, ilitoa posho ya unga, ilitoa lopitali na masomo. Kila mufanyakazi alikuwa na namba yake. Kompani ilijua uzito wa mutoto na kipimo cha unga wa kila nyumba. Wengi walisema kwamba kompani ndiyo baba na mama yao. Lakini baba yule hakuuliza watoto wake wanatamani nini. Alikuwa amekwisha kukata shauri kwa ajili yao.

Katika kambi ile Padri aliuliza ulizo lake lile lile. Hakujenga chama. Jamaa haikuwa na karata, wala sanduku la feza, wala prezidenti, wala karani. Bwana na bibi walikuja pamoja, wakakaa na bwana na bibi wengine, jioni nyuma ya kazi, wakasema juu ya uzima, uzazi na mapendo, kwanza katika nyumba yao wenyewe. Hili lilikuwa jambo kubwa. Kwa desturi, bwana alijua mambo ya kazi na bibi alijua mambo ya jikoni, na kila mumoja alifunga moyo wake. Sasa bwana alifundishwa kumuuliza bibi yake anawaza nini, na kungoja jibu.

Wale waliofundishwa waliitwa waliozaliwa, na wale waliowafundisha waliitwa baba na mama yao. Muluba wa Kasai aliweza kuwa baba wa Mulunda, na Mutshokwe mama wa Mubemba. Padri naye aliwazaa wakristu wake katika mafundisho, na yeye mwenyewe alisema kwamba amezaliwa nao, kwa kuwa ndio waliomufundisha kuwa mutu kati ya watu. Kwa bwana na bibi waliokosa watoto, ambao jirani waliwacheka na ndugu waliwashauri waachane, mafundisho haya yalikuwa mulango uliofunguliwa katika ukuta: nao pia waliweza kuzaa.

Hapa tunapata maana ya pili ya matumaini. Mama mwenye mimba hajamuona mutoto wake, lakini hakai bure akingojea. Anatunza mwili wake, anatayarisha nguo, anachagua jina. Mutume Paulo aliwaandikia Waroma kwamba viumbe vyote vinaugua kama mama anayetaka kuzaa. Kutumaini kwa namna ya kikristu ni kungojea kama muzazi, si kama mutu anayengoja posho katika mustari. Anayengoja posho anatazama mikono ya mwingine. Anayengoja mutoto ameanza kumutunza.

Kutoka Kolwezi Jamaa ilienea Katanga nzima, ikafika Kasai na miji mingine ya Kongo. Hayo yalitokea mbele ya Mutaguso Mukuu wa Vatikano II, uliofunguliwa mwaka wa 1962 na kuwakumbusha walei kwamba nao wana sehemu yao katika utume. Wafanyakazi wa machimbo ya Kolwezi walikuwa wamekwisha kuanza kazi ile.

5. Hatari ya pili

Tumesema kwamba kuna zambi mbili. Padri Tempels alishinda ya kwanza, ile ya kukata tamaa. Ya pili iliingia baadaye kati ya wengine wa watoto wake.

Palitokea vikundi, ambavyo watu waliviita Katete, vilivyochukua mafundisho na kuyapotosha. Walioviona walisema kwamba ndani yao kuna wanaojidai kuwa wamekwisha kufika: umoja na Kristu wamekwisha kuupata, hivi padri ni wa nini, maungamo ni ya nini? Maneno ya mapendo yalichanganywa na tamaa za mwili, mafundisho yakawa siri, na ndoa zingine zikaharibika. Mafundisho ya Padri Tempels mwenyewe yalichunguzwa na wakubwa wa Eklezia. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa jimbo letu, lililoitwa Shaba wakati ule, waliweka masharti makali kwa wanajamaa wote. Wengine walitoka katika Eklezia. Wengine walibaki, wakavumilia kutazamwa vibaya katika parokia zao, hata wale ambao hawakufanya kosa lolote.

Hatuandiki hivi kwa kuwahukumu waliokufa. Tunaandika kwa sababu hatari ile haikuisha. Siku hizi tunaona katika kila mutaa wahubiri wanaoahidi baraka za leo leo: leta sadaka asubuhi, pata nyumba jioni. Hilo nalo ni kujidai. Mutu aliyekwisha kufika hana sababu ya kutumaini tena, kama vile mutu aliyekaa mezani hana sababu ya kuuliza njia ya kwenda nyumbani. Matumaini ni fazila ya wasafiri. Padri anayefikiri kwamba amekwisha kuwajua watu wake, na mulei anayefikiri kwamba amekwisha kuwa mutakatifu, wote wawili wamesimama njiani.

6. Miaka ya ukimya

Mwaka wa 1962 Padri Tempels aliondoka Kongo kwa ajili ya afya yake. Alikuwa na umri wa miaka 56. Hakurudi tena. Aliishi katika Ubelgiji, akakaa Hasselt katika nyumba ya Wafransisko wenzake, miaka 15 mbali na watu aliowaita watoto wake na wazazi wake.

Wenye kuandika habari zake wanapita upesi juu ya miaka ile, maana hakuna matendo makubwa ya kueleza. Sisi tunaona kwamba ndiyo miaka iliyopima matumaini yake. Alipokuwa Kolwezi aliweza kuona matunda: nyumba zilizopatana, watu wa makabila mengi katika chumba kimoja. Katika Hasselt alifikiwa na habari tu, zingine njema na zingine za kuhuzunisha. Hakuweza kusahihisha kosa lililofanywa kwa jina lake, wala kumutetea aliyeonewa. Aliyekuwa amefundisha kwamba hakuna mutu anayeishi peke yake, alipaswa sasa kuishi mbali na wale wote, na kuamini kwamba kamba haijakatwa.

Hapa kuna maana ya tatu ya matumaini, na ndiyo ngumu kuliko zote. Kutumaini ni kuiacha kazi yako katika mikono ya Mungu na ya wengine, hata kama wengine wale wanaweza kuiharibu. Musa aliona inchi ya ahadi kwa mbali, akafa juu ya mulima. Abrahamu aliahidiwa taifa zima, akazikwa akiwa na shamba moja la makaburi alilolinunua kwa feza yake.

Padri Placide Tempels alikufa tarehe 9 Oktoba 1977. Miezi saba nyuma yake, mwezi wa Mei 1978, vita iliingia Kolwezi, na mamia ya watu, weusi na weupe, walikufa katika mitaa ambamo yeye alikuwa akipita jioni.

7. Ulizo lake kwetu sisi

Tangu siku ile Kolwezi imepita katika mengi. Mwaka wa 1990 machimbo ya Kamoto yaliporomoka, na nguvu ya Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière tangu mwaka wa 1967, ilianza kuisha. Katika miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu waliotoka Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga. Hapa Kolwezi walikaa na mizigo yao wakingoja treni, na wengi walikufa wakingoja. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi, wengi wao wakiwa wametumika muda murefu bila kupata mushahara wao. Wale waliosema kwamba kompani ni baba na mama walijiona yatima katika umri wa uzee.

Leo Kolwezi ni muji mukubwa wa Mukoa wa Lualaba, tangu mwaka wa 2015. Dunia nzima inatafuta kobalti yetu kwa ajili ya batri za magari na za simu. Makampuni ni mapya, na malori yanapita usiku na muchana. Lakini kuna mitaa ambayo nyumba zake zimebomolewa ili machimbo yapanuliwe, na vijana wanashuka na sururu katika mashimo yasiyo na nguzo. Tukiwauliza wanatumaini nini, wengi wanataja bei ya kilo. Bei ikipanda, mutaa unaimba. Bei ikishuka, mutaa unalia. Hayo hayawezi kuwa matumaini, kwa kuwa yanakatwa na watu wasiotujua, walio mbali sana na sisi.

Hatusemi kwamba kazi ni bure, wala kwamba mushahara si kitu. Tumekwisha kusema kwamba matumaini yanayozarau mukate ni ya uongo. Tunasema hivi: shaba iliwafanya watu wa makabila mengi wakae mustari mumoja, lakini haikuwafanya kuwa jamaa. Ilitoa posho, lakini haikuuliza ulizo. Katika mwaka wa 1993, wakati jirani alipomufukuza jirani, kulionekana wazi ni nyumba gani zilikuwa zimekaa karibu tu na ni nyumba gani zilikuwa zimezaana.

Mwaka wa 2025 Eklezia nzima ilifanya Yubile ya matumaini, iliyotangazwa na Baba Mutakatifu Fransisko. Sisi, katika yubile yetu ndogo ya parokia, tunaweza kuuendeleza mwaka ule kwa njia iliyofunguliwa hapa hapa na Baba Placide. Haihitaji feza. Bwana amuulize bibi yake anatamani nini, na asikate maneno yake. Muzazi amuulize kijana anayerudi na matope ya shimo miguuni. Katekista awaulize wakatekumeni wake mbele ya kuwapa majibu ya kukariri. Na padri mupya anayefika kwetu, tunamuomba kwa heshima, akae nasi kwanza na kutuuliza, ndipo atufundishe, nasi tutamusikiliza kwa moyo wote.

Tutakayosikia yatakuwa yale yale matatu: uzima, uzazi, umoja. Tamaa hii hatukuipanda sisi wenyewe, na hakuna bei ya shaba inayoweza kuikata. Aliyeipanda ni Mungu, na Mungu hapandi njaa katika mutu bila kumutayarishia chakula. Neno lake alilolipa mwili katika Kristu, aliyefufuka na kutoka katika kaburi lake, ndilo amana yetu.

Mungu amupe Baba Placide raha ya milele, pamoja na wanajamaa wote wa Musonoi na wa kambi zote za Lualaba waliolala katika imani. Na sisi tunaobaki njiani, atupe neema ya kutokata tamaa, na neema ya kutojidai, mpaka siku ile ambayo matumaini yatakwisha kwa kuwa tutamuona Yeye mwenyewe uso kwa uso. Amina.